Mnyama wa Nusu Karatasi

Fundi alikuwa na penseli mbili. Ile fupi iliyotafunwa kichwa ilikuwa ya nguo. Ile nyekundu, ndefu, aliyoichomeka nyuma ya sikio asubuhi na kuitoa jioni, ilikuwa ya wanyama, na ole wako uiguse.

Wanyama wenyewe hawapo popote duniani. Konokono anayeishi ndani ya birika. Kuku mwenye magurudumu. Twiga aliyechoka kuinua shingo, akaizungusha kiunoni ikawa mkanda. Fundi aliwachora pembeni mwa karatasi za kukatia nguo, cherehani ikipumzika, na dada yake mkubwa akawasema mpaka povu likamtoka.

"Mdogo wangu, wewe na midudu yako! Watu wanasubiri sketi zao."

Dada alikuwa na kazi tatu pale dukani: pasi, wateja na maneno. Hiyo ya tatu aliifanya bila kupumzika.

Midudu ilikuwa na kwao. Mtandaoni palikuwa na kundi la wachoraji, na mwenyekiti wake, mama mmoja aliyejiita Mama Rangi, alitoa mada kila wiki. Kila mtu alibuni kiumbe wake na kumtuma kabla ya Jumamosi jua kuzama. Aliyeshinda hakupewa kikombe wala pesa. Kiumbe wake alilelewa. Yaani wiki nzima iliyofuata kundi lote lilimchora upya, huyu akimnenepesha, yule akimvisha miwani, mwingine akimpeleka sokoni na kapu. Kwa Fundi hapakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Tangu utotoni wanyama wake walizaliwa na kufia katika karatasi ileile, hakuna mkono mwingine uliowahi kuwagusa. Kundini walipata vidole gumba vichache na "hongera Mkasi", maana ndilo jina alilojiandikisha, halafu kimya. Kimya hicho kilimuuma kuliko matusi.

Ikaja mada ya mwisho ya msimu: mlinzi wa mlango.

"Safari hii nisipopata wa kumlea, penseli nyekundu naitupa," Fundi akasema, na hakuwa akitania.

"Mimi nitakushikia pipa," dada akajibu.

Fundi akamfikiria mlinzi wake wiki nzima, akipima makwapa ya watu na kutia pini. Akamwita Mzee Hodi. Masikio mapana kama sinia, ya kusikia nyayo tangu barabarani. Masharubu yaliyojikunja ncha kama funguo. Mikono mirefu mpaka sakafuni, maana Mzee Hodi hatazami nyuso za wageni, anapapasa viatu vyao; uso unadanganya, soli haidanganyi. Jumamosi asubuhi akatandika karatasi mezani na kumchora mfululizo, ulimi nje kama mtoto.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo kila fundi cherehani analijua na wengine hawana habari nalo. Ukitaka gauni liwe sawa kushoto na kulia, huchori gauni zima. Unakunja karatasi katikati, unachora upande mmoja tu ukiegemea mkunjo, unakata, unafungua, na gauni hilo hapo. Ndivyo Fundi alivyochora kila kitu maisha yake yote, na ndivyo alivyomchora Mzee Hodi: sikio moja, jicho moja, nusu ya pua, mkono mmoja, na mkunjo umemsimamia katikati.

Alikusudia kumkata na kumfungua ndipo ampige picha. Lakini mlango ukavutwa, akaingia mama wa bibi harusi, mwanamke asiyejua kubisha wala kungoja.

"Gauni la mwanangu linabana! Leo hii! Sasa hivi!"

Fundi akashika simu, akapiga picha, akaituma, akakimbilia gauni. Hakuona kosa lolote. Machoni pake Mzee Hodi alikuwa amekwisha kufunguka zamani.

Mchana, gauni limefumuliwa ubavuni, mama mtu ameenda kumwaga hasira kwingine, Fundi akafungua simu. Komenti zilikuwa nyingi kuliko siku zote, moyo ukamruka kwa furaha. Akasoma.

"Nusu nyingine imebanwa na mlango?"

"Huyu mlinzi analipwa nusu mshahara."

"Mkasi kajikata mwenyewe jamani!"

Chini yake Mama Rangi, bila mzaha: "Mchoro haujakamilika. Sheria inataka kiumbe mzima. Una mpaka jua kuzama, la sivyo tutamtoa."

Fundi akaiweka simu kifudifudi. Hakulia, ila alichomoa penseli nyekundu nyuma ya sikio, akaiweka juu ya meza mbele ya dada yake.

"Lete hilo pipa."

Dada akaweka pasi pembeni, akaichukua simu. Akasoma komenti moja, ya pili, ya tatu. Sasa, huyu dada alikuwa amemcheka mdogo wake miaka nenda miaka rudi, lakini kucheka kwake kulikuwa mali yake binafsi. Hakumpa mtu mwingine ruhusa.

"Nusu? Nani nusu? Hawa watu hawajawahi kuona karatasi imekunjwa?" Akaipiga meza kwa kiganja mpaka pini zikaruka. "Inuka! Mfungue wamwone!"

Fundi akainuka. Akachukua kipande cha bitana nyeusi, kile kitambaa cha ndani ya koti, dada akakinyoosha kwa pasi, akakikunja, karatasi ikatiwa pini juu yake. Mkasi ukapita taratibu kwenye masikio, ukajipinda kwenye masharubu, ukatoboa jicho, ukashuka mkononi mpaka kwenye vidole. Wakamfungua. Mzee Hodi akalala pale mezani, mzima, mpana, mkali, akimtazama aliyemuumba kwa macho yote mawili.

"Haya, mbandike mlangoni," dada akasema. "Mlinzi wa mlango analala mezani?"

Hapo pakawa na shida. Mlango wa duka ulikuwa wa mbao mbili, zinazokutana katikati. Ukimbandika mnyama mzima, mlango haufunguki. Fundi akautazama mlango, akamtazama Mzee Hodi, akaushika mkasi. Dada akaelewa.

"Usithubutu! Ndiyo kwanza amekuwa mzima!"

Fundi akapiga moyo konde, akamkata juu ya mkunjo, kuanzia utosini mpaka chini.

Wakabandika nusu huku na nusu kule, upande wa ndani, wakafunga mlango. Nusu zikakutana barabara, hata uzi usingepita. Dada akashika simu, kidole gumba kikaziba pembe ya picha, akaanza kurekodi kwa sauti ya mtangazaji aliyekasirika: "Mabibi na mabwana mnaosema nusu, nusu, tazameni—"

Mlango ukavutwa.

Mbao zikafunguka, Mzee Hodi akapasuka katikati akawa wawili, kila mmoja na sikio lake na mkono wake, wamepisha huku na huku kama wenyeji wanaomkaribisha mgeni rasmi. Na katikati yao, jua likimwangaza mgongoni, alisimama mama wa bibi harusi, mikono kiunoni.

"Nimekuja kuchukua gauni. Mbona mnanikodolea macho hivyo?"

"Mama, usisogee!" dada akapiga kelele. "Umependeza! Kaa hapohapo!"

Yule mama akageuka, akayaona masikio kulia na kushoto kwake, akatoa yowe moja safi, kisha akaangua kicheko hata akalishika shavu la Mzee Hodi asianguke. Yote hayo yakaingia kwenye video. Fundi akaituma jua likiwa bado juu ya mapaa, akaandika neno moja: "Kunjueni."

Jumatatu Mama Rangi akatangaza, na safari hii alisahau ukali wake: "Nimeitazama mpaka mume wangu ameuliza nacheka nini. Wiki hii tunamlea Mzee Hodi."

Wakamlea! Akaja Mzee Hodi wa gazeti kwenye kabati la vyombo. Akaja wa rangi ya waridi kwenye lifti, anafunguka kila ghorofa. Mtu mmoja alimkata kwa bati akamtia kwenye geti. Yule aliyeandika habari za nusu mshahara alimchora amevaa sare, na chini yake: "Nimempandisha cheo, Mkasi nisamehe." Fundi alisamehe. Alikaa mbele ya cherehani amekanyaga hewa, simu mkononi, akilia na kucheka kwa pamoja, na wala hakujificha. Mikono ya watu asiowajua ilikuwa imemshika mnyama wake.

Akapeleka mkono nyuma ya sikio. Penseli haikuwepo.

Akatazama mezani, akatazama chini ya meza, akachungulia hata kwenye pipa. Ndipo akagundua kwamba duka lilikuwa kimya. Dada alikuwa amempa mgongo, ameinama juu ya meza ya pasi, na pasi yenyewe ilikuwa baridi.

"Dada?"

Dada akageuka, amenuna. Mkononi alikuwa na vipande viwili vya karatasi, kila kimoja na jicho moja jekundu na mguu mmoja.

"Nimekunja kama wewe. Nimechora kama wewe. Mbona wangu amegawanyika?"

Fundi akaangalia. Dada alikuwa amemchora mnyama wake kwenye kingo zilizo wazi, akiupa mkunjo mgongo, kwa hiyo mkasi ulipopita, hakuna kilichobaki cha kumshikilia katikati. Ni kosa la wanaoanza siku yao ya kwanza. Miaka yote ya midudu na pipa ilimjia Fundi kooni, tayari kulipiza.

"Hajagawanyika," akasema. "Hao ni mapacha."

Dada akawatazama tena wale wawili, huyu na yule, uso ukaanza kumkunjuka.

"Basi watume kundini, waseme nusu tena waone," akasema, akaichomeka penseli nyekundu nyuma ya sikio lake mwenyewe. "Na hii sikurudishii. Tafuta nyingine."