Dakika Saba za Mwavita

Daktari wa macho hakumficha Mzee Cassien: ikifika Noeli, maandishi ya kompyuta hatayasoma tena. Cassien hakulia. Alishukuru, akavaa kofia yake, na kesho yake akashuka Bugarama kumtafuta Larissa.

Kilichompeleka huko ni Mulinzi. Mulinzi ni programu, ya zile zisizouzwa: yeyote anaichukua bure, anaifungua tumbo, anatengeneza palipoharibika, anawarudishia wenzake. Kazi yake ni kuchunga zile kompyuta kubwa za maofisini. Umeme ukikatika na kurudi, yeye ndiye anayeamsha kila kitu kwa mpango. Alizaliwa mwaka 2002, Cassien akiwa huku Kamembe na Mwavita, mwenzake wa kumwandika, ng'ambo ya mto, Bukavu, wakipeana disketi kwenye daraja la Ruzizi. Leo anatumika hadi nchi ambazo Cassien hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Na huko kote wanamtegemea mzee mmoja anayepofuka. Asipopata wa kumwachia, Mulinzi naye basi.

Larissa alikuwa anashughulikia kompyuta za koperative ya mpunga. Binti ana ulimi wa pilipili, lakini alishatuma marekebisho arobaini kwa Mulinzi kabla hawajaonana uso kwa uso.

"Papa Cassien, mimi nakubali," alisema. "Lakini kitu sielewi, sitakibeba. Huu mustari ni wa nini?"

Cassien hakuhitaji macho kujua kidole cha binti kiko wapi kwenye skrini. Umeme ukirudi, mstari ule ulimwamuru Mulinzi akae dakika saba bila kufanya lolote. Juu yake kulikuwa na neno moja na jina la aliyeliandika: Usiguse. Mwavita.

Hapo ndipo penye kidonda, na Cassien akamsimulia. Mwaka 2004, ofisini kwake Kamembe kulikuwa na jenereta na betri, umeme hata hakuujua unavyokatika. Dakika saba aliziona uvivu mtupu. Akamwambia Mwavita mbele ya watu, "Wee mama uko na kichwa ngumu! Muntu anangoja dakika saba juu ya nini?" Mwavita akamjibu, "Siku utaniuliza muzuri, nitakuambia." Akavuka daraja, na tangu siku ile hakuandika mstari mwingine.

Kuuliza si ujinga, wote tunasema. Lakini nani anapenda kuanza? Cassien alijivuna mwaka wa kwanza, akaona haya wa pili, na miaka ikakimbia. Mwaka 2013 Mwavita akazikwa Bukavu. Cassien alisimama nyuma kabisa ya waombolezaji.

Walikuwa na sheria yao, wale wawili: mstari wa mwenzio haufutwi mpaka umuulize mwenyewe. Basi mstari ukabaki. Wageni waliandika kutoka kila pembe wakilalamika juu ya zile dakika saba, na wote aliwajibu hapana. Angemuuliza nani, marehemu?

Lakini sasa, mbele ya binti huyu, hofu ya kuondoka mikono mitupu ilimshinda.

"Futa," alisema.

"Na sheria yenu, Papa?"

"Mwenye sheria amekufa. Futa."

Larissa akafuta, akamweka Mulinzi mpya kwenye kompyuta inayotunza majina ya wakulima na zamu zao za kumwagilia maji mashambani.

Mchana mvua ikaanza kupiga milimani, na umeme ukakatika. Ukarudi. Mulinzi akaamka palepale, akafungua mafaili yote bila kusubiri. Cassien akapiga makofi! Makofi hayajaisha, umeme ukakatika tena, ukarudi, ukakatika. Uliporudi mara ya tatu, orodha, iliyokatiwa umeme ikiwa wazi, ilikuwa imevurugika, nusu ya majina hayasomeki.

"Yesu wangu!"

"Usiogope, Papa. Iko kopi ya asubuhi."

Lakini hata kopi yenyewe Larissa hakuigusa. Alikuwa anatazama kona ya ofisi, ambako Dative, mama muuza soda, alikuwa amesimama mbele ya friji yake. Waya wa friji ulikuwa sakafuni.

"Maman Dative, juu ya nini hauwashi frigo? Courant imerudi, taa ile inawaka."

"Imerudi wapi? Courant ya kwanza ni ya bongo, inakudanganya tu. Inakuja, inaenda, inakuja. Acha itulie kwanza. Ukiharakisha, frigo inakufa."

"Unangojaka dakika ngapi?"

"Sita, saba. Ni mama alinifundisha, kule Bukavu."

Larissa akamgeukia Cassien. Cassien mwenyewe alizaliwa Bukavu, na mama yake alikuwa akichomoa redio vivyo hivyo, akiwafukuza watoto wasiiguse mpaka umeme utulie. Kumbe alilijua jambo hili tangu utoto! Jenereta ya ofisini ndiyo iliyomsahaulisha.

Akalia basi, mzee mzima, mbele ya kreti za Fanta. "Si angeniambia? Si angeniambia tu!"

"Alikuambia umuulize muzuri, Papa."

Larissa alirudisha majina kutoka kwenye kopi, kisha akaurudisha mstari mahali pake. Kila badiliko la Mulinzi lazima liandikiwe maelezo, nayo yanabaki kwenye historia yake daima, yeyote anaweza kuyasoma.

"Niandike nini?"

Cassien alipangusa uso kwa kofia. "Andika: Courant ya kwanza haiaminiwi. Mwavita alijua. Mimi sikumuuliza. Samahani. Cassien."

Larissa aliandika vilevile, nukta kwa nukta. "Huu nitaubeba," alisema. "Na ingine yote."

Cassien akatoa mfukoni karatasi yenye neno la siri la Mulinzi, akaiweka katika kiganja cha binti na kukifunga kwa mikono yake miwili. Larissa akaizima kompyuta, akaiwasha upya ili wajaribu. Mulinzi akaamka, akatulia. Dative naye bado alikuwa amesimama na friji yake.

Cassien akavua miwani, akavuta kiti, akakaa. Dakika zile saba alizingoja zote.