Jivu Jekundu la Tangi la Tisa

Ijulikane kwa watu wote, kutoka Ziwa Maracaibo hadi kwa Baba Mtakatifu, kwamba mafuta ghafi ya Tangi la Tisa, yaliyolala miaka sita, ni safi kuliko dhamiri ya askofu.

Hayo aliyabandika Inginia Eudomario mlangoni mwa maabara. Gundi haijakauka, Nereida, fundi wa vipimo, akawa ameshachoma sampuli yake. Jivu lilikuwa jekundu kama tofali: kutu ya chuma. Inginia alikuwa amechota juu. Nereida alichota chini kabisa, maana ukoko hauonekani kwa kuchungulia sufuria.

Inginia akamtaka atie saini cheti, meli inangoja. Nereida akakataa. Mafuta yale yalikuwa yakienda kwenye tanuri analolisha kaka yake, Wilmer, na kutu huziba mabomba ya tanuri mpaka yapasuke.

“Binti, wewe nani hata unizuie kupakia?”

“Ni yule unayemwomba saini, mzee.”

Basi Inginia akasema atagonga muhuri wake wa shaba, yaishe. Akatia mkono mfukoni. Muhuri hakuna. Akapekua droo, kofia, hata mfuko wa arepa zake, mikate yake ya mahindi. Na bila saini wala muhuri, bandari haipakii hata kijiko.

Ikabidi mafuta yaoshwe. Maji ya moto na dawa yakakorogwa ndani, yakaachwa yatulie, maji mekundu yakafunguliwa kwa chini. Siku tatu. Jivu likapoteza wekundu wake. Metali za vanadi na nikeli zilibaki, kwa kuwa zimezaliwa na mafuta yenyewe, na kuosha hakuzitoi. Nereida akaziandika waziwazi, kisha akatia saini.

Siku ya nne akapima ile chupa ya akiba ya sampuli ya kwanza. Akakuta shaba.

“Tangi letu ni chuma tupu,” akasema.

Akayamimina mafuta kwenye chujio. Muhuri ukadondoka, mweusi tii. Nereida akamgeukia mwosha chupa wa maabara.

“Binamu, huu umeingiaje?”

Hapa nilikuwa nimepanga kuwaambia kwamba muhuri uliteleza wenyewe. Lakini mafuta yale hayatoki kuchani kwa juma zima, na Nereida alikuwa ameshika mkono wangu. Mwosha chupa ni mimi. Niliutumbukiza mwenyewe, na wakileta tangazo jingine kama lile, nitautumbukiza tena.