Damu ya Kihispania ya Evelio

Mume wangu Evelio alikuwa na ugonjwa wa kudai damu ya Kihispania. Mama yake aliitwa Pech, alioka mikate ya mahindi ya kuuza maisha yake yote na hakujua lugha nyingine ila Kimaya, lugha ya wenyeji wa kwetu, lakini ukimsikiliza Evelio ungedhani alizaliwa ikulu. Nilimvumilia miaka kumi na mmoja, kama mtu anavyovumilia jino bovu.

Jumapili moja ya Machi akaamua twende matembezi, mimi, yeye na baba yangu, kutoka kwetu Oxkutzcab hadi kwenye magofu ya Uxmal, mji wa kale wa Wamaya, kisha mjini Mérida. Gari lilikuwa langu, petroli yangu, na dereva mimi. Yeye alichangia mdomo.

Pale Uxmal Evelio akasimama mbele ya lile jumba refu la mawe ya kuchonga, akaanza kuwahutubia watalii wawili ambao hawakumwomba. Akawaambia Wamaya wasingeweza kujenga kitu kama kile. Lazima walikuja mafundi kutoka ng'ambo, watu wenye akili. Baba alikuwa ameketi pembeni akimenya chungwa. Alikuwa mwashi pale miaka ishirini na sita, katika kikosi kilichosimamisha upya kuta zilizoanguka, na Evelio alilijua hilo vizuri.

"Kona ile imepinda kidogo," baba akawaambia watalii kwa upole. "Niliijenga nikiwa na homa."

Wakamgeukia yeye, wakamuuliza mawe yalipandishwaje, naye akawaonyesha kwa mikono. Evelio akanuna. Njiani akasema baba amemwaibisha, na kwamba kubeba mawe si ufundi, hata punda anabeba. Baba akatazama nje. Mimi nikaongeza mwendo.

Huko Mérida Evelio akatupeleka kwenye nyumba ya Mhispania aliyeuteka mji huo karne nyingi zilizopita, yenye askari wawili wa mawe ukutani, wamekanyaga vichwa vya watu wanaopiga mayowe. Akanipa simu nimpige picha. Kisha akamgeukia baba.

"Mzee, hebu chuchumaa hapa miguuni kwangu. Picha ipate maana."

Baba hapendi ugomvi. Akaanza kukunja magoti. Nikamshika kwapani, nikamnyanyua. Hasira hata sikuwa nayo. Hasira ni ya mtu unayemheshimu angalau kidogo. Nikamrudishia Evelio simu yake.

"Sisi tunakwenda nyumbani."

"Na mimi?"

"Wewe uko kwa mababu zako. Wabishie hodi, watakulaza."

Baba akaniuliza kama kweli namwacha. Nikamwambia afunge mkanda. Tulisimama njiani, Muna, kula nyama ya kuchoma, na baba akamaliza sahani mbili.

Evelio alirudi kwa basi Jumanne, akakuta nguo zake ziko kwa dada yake. Akaniletea ujumbe kwamba atanisamehe nikimwomba radhi. Anasubiri mpaka leo. Nasikia siku hizi anasema bibi yake mzaa baba alitoka Ufaransa.