Mguno wa Shangazi Verdell

Katika kanisa letu la Nebo, ukihubiri watu wakakaa kimya, ujue umekwisha. Kwetu mahubiri ni kazi ya pamoja: mmoja anasema mimbarani, wengine wanaitikia vitini. "Mm-hm." "Sema, mchungaji!" "Hapo hapo, usiondoke hapo!" Hakuna anayetufundisha, tunayanyonya pamoja na maziwa ya mama. Na katika waitikiaji wote wa kaunti yetu, huku kusini mwa Alabama, hakuna aliyemfikia shangazi yangu Verdell Gaskin. Mguno wake ulianzia tumboni, ukapanda polepole, na ulipomfikia mhubiri ulimsukuma mbele kama mtoto kwenye bembea. Na mhubiri akiboronga, akipoteza mstari, akianza kufuta jasho ambalo halipo, Shangazi alikuwa na dawa yake: "Msaidie, Bwana!" Kanisa lote linaangua kicheko, na mhubiri anapata nafasi ya kuvuta pumzi.

Hivyo ndivyo alivyojuana na Whit Lassiter. Alikuwa mwanasheria, Mzungu, anagombea kuwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Cheo hicho kwetu hupigiwa kura, kwa hiyo kila uchaguzi ukikaribia wagombea hukumbuka njia ya kanisani kwetu. Lassiter alikuja Jumapili moja akaomba asalimie. Alianza vizuri, akafika katikati, akasahau alichotaka kusema. Alisimama pale masikio yamemwiva mekundu.

"Msaidie, Bwana!" Shangazi akapaza sauti.

Tulicheka mpaka pepeo za mkononi zikaanguka. Naye alicheka, nitasema haki yake. Baada ya hapo akaanza kutua kila baada ya sentensi, anatusubiri, na sisi tukampa alichotaka.

Ibada ilipokwisha alikaa na sisi ukumbini akala kuku wa kukaanga, akala sukuma wiki, na pai ya pichi ya Shangazi akairudia. Akamwekea mkono begani.

"Bi Verdell, pai yako itaniua mimi."

"Kufa kwa pai si kufa vibaya, baba."

"Nikuambie ukweli? Natamani kila ninayezungumza naye aitikie kama wewe. Mtu akiniitikia, najua ananisikiliza."

Nilikuwa karibu nao, nimeshika jagi la maji ya limau, na nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Maneno hayo yashike, kwa sababu yeye hakuyashika.

Shangazi alimpigia kampeni mtu yule kana kwamba amemzaa. Aliweka bango lake uani mbele ya waridi, akapigia simu kila mjane wa Nebo mwenye kitambulisho. Mimi nina saluni ya nywele, nasikia mengi, nikamwambia, "Shangazi, hawa wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Acha roho ya kutu, Yolonda. Mtu amekula mezani kwangu."

Kwa Shangazi hiyo ilitosha. Aliyekula mezani kwako hawezi kukugeuka. Lassiter alishinda, na Shangazi akajisifu wiki nzima.

Sasa lazima nieleze habari ya babu yangu Hosea, baba yake Shangazi, maana bila yeye hutaelewa kwa nini aliumia vile. Babu alipenda mahakama kama wengine wanavyopenda mpira. Siku akikosa kazi alivaa koti akaenda kusikiliza kesi. Enzi zake watu weusi walikaa roshani, juu, na chini kulikuwa na jopo: raia wa kawaida walioitwa na kaunti kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Wote Wazungu. Babu alipigana vita ng'ambo, alilipa kodi, alijiandikisha kupiga kura siku ya kwanza iliporuhusiwa, na mpaka anaingia kaburini hakuitwa kwenye jopo hata mara moja. "Kutoka juu unaona vipara tu," alikuwa akimwambia Shangazi. "Nataka siku moja niione kesi kutoka kwenye viti vile." Kila mtu wa posta alipopita aliuliza kama kuna kitu cha mahakama.

Basi Shangazi alipoitwa kwenye jopo, naye kashapita sabini, alilia. Aliisoma barua ya mahakama mbele ya picha ya Babu sebuleni. Siku yenyewe alivaa suti yake ya zambarau na kofia ya Pasaka, nikampeleka kwa gari, nikakaa nyuma kwenye viti vya watazamaji. Roshani bado ipo, siku hizi wanawekea mapambo ya Krismasi. Aliiangalia kidogo, kisha akaketi mbele na wenzake na kofia mapajani.

Mshtakiwa alikuwa kijana wa upande wa pili wa kaunti, Jamarcus Oates, anadaiwa kupora duka la kituo cha mafuta. Tulikuwa hatumjui. Kabla ya kesi mawakili huwahoji walioitwa, kisha kila upande huruhusiwa kuwaondoa kadhaa bila kueleza sababu. Ila kuna sheria: huruhusiwi kumwondoa mtu kwa rangi yake, na ukishukiwa hivyo lazima utoe sababu nyingine.

Lassiter alisimama kwanza. Akaongea juu ya usalama, juu ya mwenye duka kuogopa kufungua duka lake mwenyewe.

"Mm-hm," Shangazi akaitikia. "Hilo kweli."

Wazungu wawili wakageuka kumtazama. Lassiter akatabasamu, akaendelea. Akafuata wakili wa kijana, mwembamba, sauti ndogo, akasema mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe.

"Mm-hm. Sema."

Mguno ule ule. Upana ule ule. Shangazi angemwitikia hata mtu anayesoma maelekezo ya kupika wali, mradi anasoma kwa bidii.

Karani akasoma majina ya waliobaki kwenye jopo. Jina la Shangazi halikuwamo. Weusi wengine waliokuwa wameitwa, nao hawakuwamo. Walioondolewa wakaambiwa ahsante, nendeni nyumbani. Shangazi alitoka amenyooka, akaniashiria kwamba ananisubiri nje. Jopo likapelekwa chumba cha nyuma, na wakili mwembamba akainuka akasema upande wa mashtaka umeondoa kila mtu mweusi. Jaji akamtaka Lassiter aeleze. Alieleza mmoja mmoja, akamfikia Shangazi.

"Mheshimiwa, Bi Gaskin alikuwa akiguna na kutikisa kichwa wakati wakili wa utetezi akizungumza. Ni wazi ameshaegemea upande wake."

"Aliguna na ulipozungumza wewe," wakili akasema.

"Mimi sikusikia."

Hakusikia! Mtu aliyekula pai mara mbili kwa sababu ya mguno ule!

"Sababu haihusiani na rangi," jaji akasema. "Tuendelee."

Nje nilimkuta Shangazi kwenye benchi, ameshavaa kofia. Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia.

"Lakini yeye anajua maana yake," akasema. "Yolonda, yeye anajua."

Jopo la Wazungu pekee lilimtia Jamarcus hatiani kabla chakula cha mchana hakijapoa. Huenda alifanya, huenda hakufanya. Sikai hapa kumtetea. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na hata mmoja pale ambaye mama yake Jamarcus angeweza kumtazama akajipa moyo.

Uchaguzi mwingine ukafika, na Lassiter huyo, kanisani, tai mpya. Nilidhani Shangazi angemfukuza. Alimsubiri ukumbini, akamwuliza ana kwa ana, sahani mkononi.

"Ulimwambia jaji kwamba mimi naguna."

Hakuona haya hata kidogo. Alimshika mikono yote miwili. "Bi Verdell, ile ni sheria tu, wala si wewe. Mahakamani kila kitu kinatazamwa, hata mtu akikohoa. Siku nyingine ukiitwa kaa kimya tu, usikilize, na mimi nitafurahi kukuona kwenye kiti kile. Nakuahidi."

Na shangazi yangu akamwamini. Nilimgombeza njia nzima, nikasema maneno ambayo hayasemwi kwa mkubwa.

"Kanieleza kosa langu," akasema. "Kosa likielezwa linarekebishika."

"Kosa gani? Kosa gani ulilofanya, Shangazi?"

"Baba alisubiri maisha yake yote. Mimi nishindwe kufunga mdomo?"

Akaanza mazoezi. Jumapili alikaa kiti chake kile kile, peremende imejaa shavuni, midomo imebanwa. Mchungaji Tolliver alirusha maneno yake mazuri na hayakurudi. Mama wengine waliguna, lakini ilikuwa kama chungu bila chumvi. Wiki ya tatu mchungaji alipiga hodi nyumbani kwake kumwuliza amemkosea nini. Shangazi akamjibu hajamkosea, anajifunza tu kukaa mahakamani. Mchungaji aliondoka, na mimi niliyekuwa jikoni nikaegemea friji nikalia kwa hasira. Mwanamke wa umri ule anajifundisha kutokuwa yeye, na ndani ya nyumba ya Mungu, ili mtu fulani asimwogope.

Lassiter alishinda tena, na mwaka uliofuata Shangazi akaitwa mara ya pili. Suti ile ile ya zambarau, kofia ile ile. Mshtakiwa mwingine, kijana wetu mwingine. Wakili wake safari hii alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba. Lassiter alipopita mbele ya Shangazi alimkonyeza kidogo, kirafiki. Shangazi hakutikisika. Niliona shavu limevimba kwa peremende. Lassiter akazungumza vizuri, kwa kweli alizungumza vizuri, akatua mahali pale pale pa kutua, na Shangazi akanyamaza. Mama wa miwani akazungumza, Shangazi akanyamaza. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa kofia mpaka ukapinda. Aliulizwa maswali yake, akajibu kwa adabu, ndiyo bwana, hapana mama, akarudi kwenye ukimya.

Karani akasoma majina. Hakuwamo.

Safari hii hakunisubiri nje. Wengine walipotoka yeye alitembea mpaka nilipokaa, akaketi kando yangu.

"Shangazi, twende."

"Nimeshatolewa. Sasa mimi ni mtazamaji kama wewe. Nataka kumsikia."

Jopo likapelekwa nyuma. Mama wa miwani akasimama, akasema yale yale. Jaji, yule yule, akamgeukia Lassiter. Lassiter alikuwa ametugeuzia mgongo. Akapekua karatasi zake, akaeleza huyu na yule, akafika.

"Kuhusu Bi Gaskin, Mheshimiwa..." Akatua. Akapekua tena. "Bi Gaskin hakuonekana kuwa makini. Wenzake waliitikia kwa kichwa, walionyesha wanafuatilia. Yeye alikaa tu, uso mkavu. Hakuitikia chochote. Upande wa mashtaka unahitaji watu ambao... watu wenye..."

Neno halikuja. Alisimama pale kalamu mkononi, masikio yanaanza kuiva kama siku ile ya kwanza kwetu Nebo.

Shangazi alitoa peremende mdomoni. Akaifunga kwenye kitambaa cha karatasi, akaiweka ndani ya mkoba, akaufunga mkoba. Kisha, kwa sauti yake yote, sauti ambayo hatukuisikia karibu mwaka mzima:

"Msaidie, Bwana!"

Lassiter aligeuka. Nimeona watu wengi wakiumbuka, lakini sijaona uso kama ule. Alijua sauti ni ya nani. Alijua inasema nini. Askari wa mahakama, mweusi mwenzetu, alikaza macho kwenye viatu vyake na mabega yakawa yanamtetemeka. Nilicheka. Nilishindwa kujizuia, nilicheka kwa nguvu, nikadhani sasa basi, jaji naye kaona, kiziwi gani asingeelewa?

Jaji aligonga meza, akasema hatavumilia kelele. Kisha akaangalia saa yake.

"Sababu haihusiani na rangi. Tuendelee."

Askari alikuja, akatuambia kwa upole, "Mama zangu, twendeni." Shangazi aliinuka mwenyewe. Mlangoni akainua macho kwenye roshani, kwenye maboksi ya mapambo na nyota moja ya bati, akavaa kofia yake iliyopinda.

Aliongea ndani ya gari, tulipokuwa tunapita kanisani.

"Baba walimwambia kaa juu," akasema, "na yeye akajua hawamtaki. Mimi wamenishika mikono, wamekula chakula changu, wamenifundisha namna ya kukaa."

Niliitikia tu, kwa mguno, kama alivyonilea.