Kibao cha Choo

Ukumbi wetu wa kushona sare una vyerehani arobaini na kibao kimoja. Kinaning'inia msumarini karibu na mlango. Ukitaka kwenda choo unakichukua, na msimamizi anakuandika. Sasa msimamizi alikuwa anastaafu, na bosi akasema kiti chake atapewa asiyetokatoka. Nilikitaka kile kiti mpaka nikawa nakiota.

Basi nikaacha kunywa maji. Asubuhi mpaka saa kumi, nimebana tu. Wenzangu wakanibatiza Ngamia, nami nikavimba kichwa. Mpinzani wangu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, cherehani cha jirani. Naye hakuinuka, basi nikazidi kubana.

Wiki ya pili haja ndogo ikageuka pilipili. Naenda, matone matatu. Narudi, nataka tena. Nikamnong'oneza wifi. Akanipa vidonge vinne.

"Vilibaki vyangu," akasema. "Mimi siku ya pili tu nilipoa, nikaacha."

Nikameza, nikapoa, nikajiona daktari. Wiki haikuisha, homa hii hapa, na kiuno kinawaka.

Jumamosi nikajipeleka zahanati kimyakimya, kikopo cha mkojo nimekificha chini ya mtandio. Kwenye benchi namkuta nani? Wifi, kakumbatia kitu.

"Wifi, umebeba nini?"

"Chai."

"Chai ya kupimwa?"

"Na yako je?"

Tukacheka, kisha tukaacha haraka, maana hata kucheka kulikuwa hatari.

Nesi alipima, akatuhoji mpaka habari ya vile vidonge ikatoka, wala hakucheka. "Haya ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo ukikaa, wadudu wanazaliana; nyinyi mmewapa na kiwanja. Kunyweni maji, haja ikija nendeni. Na dozi ni ya mtu mmoja, mpaka kidonge cha mwisho." Akanigeukia. "Wewe yameanza kupanda kwenye figo. Ungechelewa, ungelazwa hospitali."

Niliogopa, sitadanganya. Nimeshona kila kitu maishani, lakini figo haishonwi.

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kuhesabiwa. Bosi mwenyewe kasimama mlangoni na daftari. Haja ikaja. Nikakitazama kile kiti, roho ikaniuma, nikainuka. Kufika msumarini, kibao hakipo. Wifi kesha kukichukua, kasimama ananisubiri.

"Twende," akasema. "Aandike wawili."

Kiti alipewa fundi wa vifungo, ambaye hakuwahi kukigusa kibao. Siku yake ya tisa kitini nikamwona amekaa upande, kakunja uso. Nikamwekea chupa ya maji mezani, na kibao juu yake.