Upepo Uliokata Misonobari ya Mjomba Sixten

Mimi hasira sifichi. Kazini kwetu, hapa Småland, kusini mwa Uswidi, tunachunguza misitu kwa rada ya setilaiti: picha mbili za mahali pamoja, siku mbili tofauti. Zikifanana, miti ipo. Zikitofautiana, huenda imekatwa. Lakini upepo ukivuma matawi hayatulii, na picha hazifanani hata kama hakuna aliyegusa mti.

"Hii ya pili ilipigwa siku ya dhoruba," nilimwambia Fredrik, mkuu wetu. "Itupe!"

"Ingegerd, jamani, tulishakubaliana wote wakati wa kahawa kwamba tunaitumia."

Wote! Kwetu ukinyamaza huku unatafuna mkate wa mdalasini, umekubali. Na mimi wakati huo nilikuwa juu ya mnara, natengeneza kipima upepo!

Ramani ikatoka: misonobari ya kale ya mjomba wangu Sixten, ambayo sheria inakataza kuigusa, imekatwa yote. Hakuna aliyejisumbua kwenda kuangalia. Mjomba akashtakiwa. Wenzake aliowinda nao tangu ujana wakamfukuza kundini, msimu ukiwa mlangoni. Dukani wakampa kisogo. Mzee anaishi peke yake. Uwindaji ndio uliokuwa ukimkutanisha na watu.

"Mwambie bosi wako aje akwaruzwe na matawi yangu!" alinifokea kwenye simu.

Nilimvamia Fredrik ofisini. "Tangu lini upepo ukawa na shoka?"

Akanuna, lakini akaniruhusu nitumie picha ya siku tulivu. Miti yote ilikuwepo!

"Haya, tutairekebisha ramani kwenye toleo lijalo," akasema.

"Toleo lijalo? Mtu anaitwa mhalifu leo!"

Nikachapa picha, nikaendesha gari kama mwendawazimu hadi kwa mjomba. Kabla sijazima injini nikasikia msumeno wa mashine. Mjomba alikuwa katikati ya visiki, jasho linamtoka. Nyuma yake hakuna mti uliosimama.

"Mjomba! Nimekuletea ushahidi!"

Aliitazama picha, akanirudishia. "Umechelewa, mwanangu. Adhabu nimeshaipata, na salamu hawanipi. Kosa lenyewe nilikuwa bado sijalifanya."

Nililia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Setilaiti ilipopita tena, hewa ilikuwa imetulia kabisa. Fredrik akafungua picha, akaona pale pa mjomba hapana kitu.

"Unaona?" akaniambia. "Ramani yetu ilikuwa sahihi."