Banda Lisilopitisha Upepo

Karibu kila asubuhi ya majira yale ya baridi, Haupiti alitumia dakika ishirini kuvaa ili akafanye kazi ya dakika nne. Alianza na fulana mbili, likaja sweta, juu ya sweta koti la mpira lililofungwa hadi kidevuni, kisha gambuti, kisha glavu. Mwisho kabisa alizungusha selotepu pale glavu zinapokutana na mikono ya koti, ili baridi isipate hata pa kuchungulia. Selotepu yenyewe alikatiwa na mkewe, kwa sababu kufikia hapo hakuwa tena na vidole vya kushika mkasi.

"Unaenda kulisha bata," mkewe alimwambia. "Huendi mwezini."

Akaenda, akamwaga chakula, akavunja barafu kwenye beseni la maji, akarudi. Alipovua koti alikuwa amelowa chapachapa kutoka shingoni hadi kiunoni, na fulana zote mbili zilitaka kukamuliwa.

"Mvua ya huku ina hila sana," alisema.

Mkewe alitazama nje. Hapakuwa na mvua, wala jana haikunyesha. Yeye mwenyewe siku za zamu yake alitupia sweta kuukuu lililotoboka viwiko, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda na kurudi mkavu. Haupiti alisema hiyo ni bahati tu, na kwamba siku moja bahati hiyo itamlaza kitandani.

Jina hilo la Haupiti alilipata kazini. Alikuwa fundi wa madirisha kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na kila alipomaliza kufunga dirisha la mtu alimwita mwenye nyumba, akawasha kiberiti karibu na fremu, akanyamaza. Moto ukisimama wima bila kutikisika alitamka neno moja tu: "Haupiti." Alimaanisha upepo. Mtaa mzima ukaanza kumwita hivyo kwa kumtania, naye akalipokea kama mtu aliyepandishwa cheo. Nyumba yake mwenyewe aliifunga kwa ustadi wa kutisha. Ukibamiza mlango wa mbele, masikio yaliziba.

Ndani ya nyumba hiyo, mwanzoni mwa vuli, alihamia mama mkwe wake. Mama huyo alivunjika nyonga, hospitali wakamshona na kumpa mkongojo, na bintiye akakataa katakata kumwacha arudi peke yake kwenye nyumba yake yenye ngazi za mawe thelathini na mbili zinazoganda barafu kila baridi. Alikuja na sanduku moja la nguo, bata sita, na banda la bata hao juu ya lori. Hata shikamoo ya mkwewe hakuimalizia kuitikia, akatoa sharti lake.

"Nitakaa kwenu mpaka nipone. Lakini bata wangu akifa mmoja kwa uzembe wa mtu, siku hiyo hiyo narudi kwangu."

Kila aliyekuwepo alijua kwamba akizipanda zile ngazi na nyonga ile, atateremshwa amebebwa. Chumbani, mkewe naye aliongeza lake.

"Mama akiondoka hapa kwa ajili ya bata, mimi namfuata. Wewe utabaki na madirisha yako."

Kwa hiyo Haupiti hakuwa na mchezo na wale bata. Shida ilikuwa lile banda. Alipoliona likishushwa, alilizunguka mara mbili. Mbao zilikuwa nzuri na sakafu ilikuwa imeinuliwa vizuri, lakini juu, chini ya paa, mtu fulani alikuwa ametoboa matundu upana wa mkono, pande zote mbili, waziwazi, bila aibu.

"Haya matundu, mama, aliyafanya nani?"

"Mimi. Usiyaguse."

Mtu mwingine angeishia hapo. Haupiti aliishia hapo kwa wiki tano, akijikaza, akigeuza shingo pembeni kila alipopita karibu na banda. Siku ya kwanza ya theluji uvumilivu ulimwisha. Alijiambia kwamba mama ni mtu mzima, heshima yake ipo, lakini upepo hauelewi mambo ya heshima. Akachukua mabomba manne ya silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, yaliyobaki kazini, akaingia mzima mzima ndani ya banda na kuziba kila tundu, kila ufa, kila mahali msumari ulipoacha alama. Mlangoni akaweka mpira. Kisha akawasha kiberiti. Moto ukasimama wima.

"Haupiti," aliwaambia bata.

Bata walimtazama kwa jicho moja moja, kama kawaida yao.

Mama mkwe hakuona lolote. Kiti chake kilikuwa kwenye dirisha la chumba chake linalotazama uani, lakini kioo kilikuwa na mvuke kutwa nzima. Kila asubuhi alikifuta kwa taulo apate kuwaona bata wake, akakohoa kidogo, akanywa chai, na chai haijafika nusu kioo kimefunga tena. Pembeni mwa fremu kulikuwa na madoa meusi ambayo bintiye aliyasugua kila Jumamosi, na kila Jumamosi iliyofuata yalikuwepo.

"Hili dirisha lako linanificha bata wangu," mama alilalamika.

"Ni dirisha zuri hilo, mama. Linatunza joto."

Siku ya tatu baada ya kuziba, Haupiti aliona maranda ya sakafuni bandani yamelowa. Akakagua paa. Halivuji. Akatupa maranda yale, akamwaga makavu gunia zima. Kesho yake yamelowa tena, na ukutani kuna matone. Alifikiri sana, akakata shauri kwamba kuna tundu amelisahau na unyevu unaingilia huko. Akalitafuta kwa tochi. Hakuliona, lakini kwa usalama aliziba upya pale palipozibwa. Siku iliyofuata matone yalikuwa yanadondoka kutoka darini. Haupiti akaongeza bomba jingine la silikoni. Hakuna aliyeshindana na mvua kwa juhudi namna ile, na mvua yenyewe haipo.

Mkewe alipokuja zamu yake na kufungua mlango wa banda, ilimpiga usoni harufu kali ya choo iliyomtoa machozi. Bata, ambao kwa kawaida hata ukiwamwagia ndoo ya maji yanateleza tu mgongoni, walitoka manyoya yameshikamana. Nyuma yao akatoka Mwenyekiti, bata dume mzee aliyepewa cheo hicho na mama mwenyewe kwa namna anavyotembea. Siku hiyo hakutembea kwa cheo chake. Alisimama mlangoni mdomo wazi, na kila alipovuta pumzi kifua kililia kama birika linalokaribia kuchemka.

"Baba watoto," mkewe aliita kwa sauti ndogo, asisikike ndani. "Njoo umwone Mwenyekiti."

Haupiti alikuja bila koti. Hakufikiria silikoni wala mbao. Alifikiria zile ngazi thelathini na mbili.

Daktari wa mifugo alifika kabla ya saa sita. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti lililofunguliwa vifungo na mikono mikavu. Alimshika Mwenyekiti kwapani, akamsikiliza kifua, akamchoma sindano. Kisha akainama kuingia bandani na kutoka haraka kuliko alivyoingia.

"Nani kawafungia hawa kwenye chupa?"

Haupiti aligeuza shingo pembeni. "Fundi mmoja hivi."

"Fundi wa nini?"

"Wa madirisha."

"Basi mwambie akae na madirisha yake. Bata haogopi baridi, mzee wangu. Ana koti lake la manyoya, na amelipaka mafuta mwenyewe. Lakini anapumua usiku kucha, na pumzi ni maji. Ikikosa pa kutokea inamrudia yeye, pamoja na hewa ya kinyesi chake. Toboa matundu juu, chini ya paa. Bata walale chini pakavu, upepo upite juu ya vichwa vyao. Basi."

"Na kama matundu yalikuwepo?" mkewe aliuliza, akimtazama mumewe.

"Yalikuwepo? Basi aliyeyatoboa alijua kazi yake, na aliyeyaziba ni wa kuonewa huruma."

Haupiti alikubaliana naye kwa kichwa, kwa huzuni, kama mtu anayesikitikia upumbavu wa jirani. Alipogeuka aliona kioo cha chumba cha mama kimefutwa duara dogo, na ndani ya duara kuna jicho.

Mchana ule mvua iliyochanganyika na theluji ilikuja kweli, ile aliyokuwa akiisingizia siku zote. Haupiti alikuwa juu ya kigoda na patasi, anabandua silikoni yake mwenyewe ukanda baada ya ukanda. Silikoni ilikataa kutoka. Kazi yake ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Alilaani kila bomba. Koti la mpira lilimbana mabega asiweze kuinua mkono, akalivua, na mkewe akamtupia lile sweta lenye viwiko vilivyotoboka. Alifanya kazi saa mbili. Alipoingia ndani alijipapasa kifuani, akajipapasa mgongoni. Mabega yalikuwa yamelowa. Kwingine kote alikuwa mkavu.

"Usiseme kitu," alimwambia mkewe.

"Sijasema."

Siku tatu walimwangalia Mwenyekiti kama mgonjwa wa chumba maalumu. Haupiti alimpelekea dawa kwa mkono wake, akabadilisha maranda asubuhi na jioni, akapiga magoti kwenye kinyesi kumsikiliza kifua. Siku ya nne maranda yalikuwa makavu. Siku ya tano Mwenyekiti alitoka bandani kifua mbele, akavuka theluji kwa miguu mitupu, akamng'ata Haupiti gambuti. Haupiti karibu alie kwa furaha. Alioga, akachana nywele na kwenda kubisha mlango wa mama mkwe wake kupokea shukrani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Funga mlango."

Akafunga. Masikio yakaziba kidogo. Mama alikuwa kwenye kiti chake, shali mabegani, taulo la kufutia kioo mapajani limelowa. Juu ya taulo palikuwa na kiberiti.

"Mwenyekiti amepona, mama. Anatembea kama zamani."

"Nimemwona. Huyo fundi wa madirisha ulimpata, ukamwambia?"

Haupiti aliangalia vidole vya miguu yake. "Nilimwambia."

"Alisemaje?"

"Ameona haya."

"Vizuri." Akamnyooshea kiberiti. "Washa hapo, karibu na fremu."

Alitaka kuuliza kwa nini, lakini alimjua. Akawasha. Moto ukasimama wima, mrefu, mzuri, haukutikisika hata kidogo. Wakautazama wote wawili. Kisha mama akakohoa, kikohozi kirefu kilichotoka chini kabisa, na mwishoni mwake kifua kikalia. Moto ukalala upande, ukazimika.

Haupiti alibaki na njiti mkononi. Aliujua mlio ule. Alikuwa amepiga magoti siku tatu akiusikiliza.

"Haupiti," mama alisema alipopata pumzi. "Bata amekoroma asubuhi, saa sita daktari yupo uani. Mimi nakohoa tangu vuli, mnaniletea chai."

Mkewe, aliyefungua mlango na kikombe kingine cha chai akayasikia hayo, alikiweka chini taratibu. Alikwenda sebuleni kupiga simu, na safari hii hakumwita daktari wa mifugo.

Aibu iliyompata Haupiti ilikuwa ya kweli, siyo ile ya vidole vya miguu. Alishuka stoo. Alirudi na drili na kipande cha penseli, akapanda juu ya kigoda mbele ya fremu aliyoifunga kwa mikono yake miaka kumi na minane iliyopita, fremu aliyokuwa akiwaonyesha wageni kabla hawajakaa. Akaweka alama ya kwanza.

"Hapo siyo," alisema mama mkwe wake kutoka kwenye kiti, huku akifuta kioo. "Panda juu. Upite juu ya kichwa changu."